Hudhurungi: Rangi Iliyobaki Bila Nguo Yake

Nilikuwa natafuta koti. Anayepanda Mgeta, huko milimani Uluguru, mwezi wa saba bila koti hujuta jioni ya kwanza tu, kwa hiyo kabla ya safari nilipita Soko la Mawenzi, hapa Morogoro mjini, kwa vijana wa mitumba. Mmoja akavuta koti zito kutoka chini ya fungu, akalikung'uta, akaliinua juu. "Hili hapa, mzee wangu. Saizi yako kabisa. Rangi ya ugoro." Jirani yake wa meza ya pili akadakia kwamba ugoro hauko hivyo, hiyo ni kaki iliyokolea. Mama aliyekuwa akipekua magauni hakuinua hata kichwa: "Udongo huo." Nami, kwa kuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi na ugonjwa huo hauponi, nikasema, "Hilo ni koti la hudhurungi."

Kijana akanitazama, kisha akacheka. "La kuhudhuria wapi, mzee? Harusini au msibani?"

Nikalipa shilingi 12,000 nikaondoka na koti langu, lakini ule utani ulinifuata hadi nyumbani. Ulikuwa na maana kubwa kuliko alivyokusudia mwenyewe. Neno geni likiingia sikioni, sikio hulitafutia ndugu. Kijani ana jani lake, kijivu ana majivu, zambarau inaonekana mtini, manjano imo jikoni kwenye kopo la bizari. Hudhurungi haina wa kumshika mkono. Wanaofanana nayo kwa sauti ni hudhuria, mahudhurio na hadhara, na hao ni wa ukoo mwingine, wa Kiarabu, unaohusu mtu kuwapo mahali. Ndiyo maana mwanafunzi anayelikuta neno hili kitabuni hulikariri kama namba ya simu. Analijua kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukipita halitumii tena.

Sasa neno hili ni nini, limetoka wapi, na kwa nini watu wa mkoa uliozungukwa na rangi yenyewe kila upande, kwenye udongo, kwenye mito ya masika, kwenye nyasi za kiangazi, hawalihitaji?

Kila aliyesoma sarufi anajua kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema koti jeusi, kanzu nyeupe, kiti chekundu. Rangi nyingine zote hupita kwa mlango wa pembeni, kwa "-a" au kwa "rangi ya": koti la kijani, gauni la zambarau, viatu vya kaki. Hakuna fundi cherehani duniani atakayekuambia ameshona koti "jizambarau". Hizo tatu ni urithi wa Kibantu na unazikuta kwa sura mbalimbali katika lugha nyingi za bara hili. Ndizo pia rangi za nguo ambazo waganga wengi wa ukanda wetu huzitumia katika kazi zao: kaniki nyeusi, nguo nyeupe, nguo nyekundu. Hakuna anayeagiza nguo ya hudhurungi kwa mganga.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu ambacho bado kinabishaniwa. Walisema lugha zote huongeza majina ya rangi kwa utaratibu unaofanana: kwanza nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyinginezo, hadi kufikia majina ya msingi kumi na moja. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozipima kwa kuwaonyesha wasemaji vibao vya rangi. Ukiangalia vivumishi vyetu vitatu, unaweza kudhani tulikuwa tunawafanyia kazi. Ila wana masharti yao. Jina la rangi ambalo pia ni jina la kitu wanalitilia shaka, na neno lililokopwa karibuni wanalitilia shaka vilevile. (Chungwa la Kiingereza, ambalo ni tunda waziwazi, walilipitisha hata hivyo. Mwenye mizani ana upendeleo wake.) Kwa masharti hayo hudhurungi inahukumiwa mara mbili, kwa kuwa ni ya kukopa na kwa kuwa ilikuwa kitu. Mimi naona mizani hiyo haitufai. Katika Kiswahili rangi kuwa jina la kitu si upungufu unaongoja kurekebishwa. Ndivyo lugha hii inavyotaja rangi: haikutajii rangi mpaka ikuonyeshe kitu. Kinachofuata ni rahisi kukisema, na nadhani kinaeleza sehemu kubwa ya swali letu. Jina la rangi huishi kadiri kitu chake kinavyoendelea kuonekana.

Na hudhurungi ilikuwa kitu. Ilikuwa nguo.

Kamusi za zamani, zile zilizoandikwa kabla ya uhuru, ziliitaja kwanza kama kitambaa: pamba ya rangi ya kahawia inayoelekea manjano, iliyotoka upande wa Uarabuni na kushonwa kanzu. Maana ya rangi ilikuja nyuma ya maana ya kitambaa, kama kivuli nyuma ya mtu. Aliyesema "kanzu ya hudhurungi" zamani hizo alikuwa anataja nguo iliyoshonwa kanzu hiyo, jinsi leo tunavyosema "suruali ya jinzi". Anayesikia jinzi anaiona buluu yake bila kuambiwa.

Jina lenyewe lina safari ndefu zaidi ya kitambaa. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu ni yale yanayolirudisha kwenye Kiajemi, kwenye maneno mawili: khud, yaani "-enyewe", na rang, yaani "rangi". Khudrang ni kitu chenye rangi yake chenyewe, kisichotiwa rangi na mtu. Kuna pamba ya namna hiyo. Pamba tunayoijua sisi, ya Kilosa au ya Usukumani, hufunguka nyeupe, lakini iko aina inayofunguka ikiwa tayari ya kahawia, na Oman walikuwa wakiilima na kuifuma. Nguo yake haikupita kwenye chungu cha rangi. Ilitoka shambani ilivyo.

Fuata sauti utaona jinsi midomo ya pwani ilivyofanya kazi yake. Kh ya mwanzo imelainika kuwa h, kama khabari ilivyokuwa habari na khatari ikawa hatari. Konsonanti mbili zilizobanana zimetenganishwa kwa irabu, kama waqt ilivyokuwa wakati. Mwishoni ikaongezwa i, maana Kiswahili hakipendi neno liishie hewani. Na ile a ya rang imevutwa na zile u mbili zilizotangulia hadi ikawa u nayo. Wapo wanaolihusisha neno hili na Kiarabu cha ukijani, khudhra, kwa kuwa dh inafanana. Mimi siwafuati, kwa sababu mtu hawezi kuita nguo ya kahawia ya kijani bila kuombwa maelezo.

Jambo moja hunichekesha kila nikilifikiria. Neno letu "rangi" nalo ni lilelile rang la Kiajemi, lililopita India na Ghuba hadi kwetu. Kwa hiyo anayesema "rangi ya hudhurungi" anasema rangi mara mbili: rangi ya rangi-yake-yenyewe. Waturuki nao wana mkia huohuo. Kahawia kwao ni kahverengi, rangi ya kahawa.

Morogoro inaingia hapa, na haiingii kwa kubahatisha. Katikati ya karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita chini ya milima ya Uluguru. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Zungomero, katika bonde la Mto Mgeta kusini ya milima, mwaka 1857. Mahali hapo palikuwa kituo cha misafara kupumzika na kununua chakula. Kilichokuwa fedha njiani kilikuwa nguo: unaipima kwa mkono, unaikata kwa shuka, unaihesabu kwa doti. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 Burton aliorodhesha nguo za biashara hiyo, na miongoni mwake imo yetu, aliyoiandika kwa tahajia ya masikio yake, khuzarangi. Anaieleza kama pamba ya Ulaya iliyotiwa rangi Oman, iliyovaliwa na Waarabu wasio na uwezo mkubwa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Pamba ya Ulaya, iliyotiwa rangi. Nguo iliyoitwa "rangi yake yenyewe" ilikuwa tayari inapakwa ili ifanane na ile isiyopakwa. Pamba nyeupe ya viwandani ilikuwa rahisi na tele, pamba ya kahawia ya Oman ilikuwa chache, na mteja alikuwa amezoea rangi. Basi jina likabaki na maana ikageuzwa kichwa chini. Wafanyabiashara wa mitumba wa leo, wanaouza "original" iliyoshonwa juzi, hawakuanzisha jambo jipya.

Mshindi wa biashara ile alikuwa mwingine. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, uliwafungulia mlango wafanyabiashara wa Massachusetts, na pamba yao ngumu, isiyopaushwa, ikaenea bara hadi ikaitwa kwa nchi yake: merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliyumbisha ugavi wake na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi, lakini jina lilikwishaganda. Msafiri Henry Stanley alipopita hapa mwaka 1871, njia ilikuwa imehamia kaskazini ya milima, kwenye mji wenye ukuta wa Simbamwene, binti wa chifu Kisabengo, mahali ilipo Morogoro ya leo. Mizigo yake ilijaa merikani na kaniki. Merikani na kaniki bado ni maneno hai. Mfanyabiashara yeyote wa makamo wa hapa mjini anajua kaniki ni nini. Muulize hudhurungi ya doti, atadhani umekosea duka.

Nguo ikafa, neno likabaki. Lilipokuja zoezi la kusanifisha Kiswahili, kuanzia kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 hadi kamusi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya mwaka 1981, neno lilikuwa bado limo kwenye orodha, na lilikuwa na kazi ya kufanya, maana vitabu vya shule vilihitaji jina la rangi hiyo. Likapewa kiti darasani, Tanzania na Kenya. Lakini kwenye kiti hicho lina mwenzake, kahawia, na mwenzake ana nguvu.

Kahawia inashinda kwa sababu kila mtu amekwishaona kikombe. Lakini hebu mtu wa milimani aliangalie jina hilo kwa makini. Mbuni ulioko shambani hauna kahawia yoyote: majani ya kijani iliyoiva, maua meupe, matunda yanayotoka kijani kwenda nyekundu. Ukimenya tunda, ukaosha na kuanika, unapata buni yenye ukijani uliofifia. Rangi ya kahawia haipo mpaka kikaangio kishike moto. Waarabu wenyewe huiita rangi hii kwa punje, bunni, na punje wanayoikusudia ni iliyokaangwa. Kahawia ni jina la jikoni, la mnywaji. Mkulima angeombwa jina la rangi kutoka kwenye kahawa, nadhani angetoa nyekundu.

Kuna mpinzani mwingine ambaye hudhurungi ingepaswa kumwonea wivu. Kaki ni ndugu yake wa damu: Kiajemi vilevile, jina la rangi ya nguo vilevile, nalo likaja kwetu kwa mkono wa jeshi la Waingereza lililolitoa India. Khak kwa Kiajemi ni vumbi, ni udongo. Kwa hiyo jirani wa meza ya pili aliyesema kaki na mama aliyesema udongo walikuwa wanasema neno moja bila kujua. Na kwa nini kaki imepona? Kwa sababu kitu chake hakijaondoka. Kilikuwa kaptura ya askari, kikawa kaptura ya mwanafunzi, sasa ni bahasha. Kila ofisi ya kata ina bahasha ya kaki. Neno linalolindwa na bahasha za serikali halifi leo wala kesho.

Majina mengine hayakuandikwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na ndiyo yanayofanya kazi nzito. Ugoro, kwa kahawia iliyofifia, ya tumbaku iliyosagwa. Damu ya mzee, kwa nyekundu nzito inayokaribia kahawia. Hakuna aliyewahi kuhakikisha kama damu ya mzee ni nzito kuliko ya kijana, lakini ukimwambia muuza vitambaa jina hilo hakosei mkono. Na maji ya kunde, ambalo mimi naliona kuwa jina zuri kuliko yote. Mara nyingi husemwa kwa mtu, kwa ngozi ambayo si nyeusi sana wala si nyeupe: "ni wa maji ya kunde." Chemsha kunde uone. Maji huanza kugeuka kabla hayajachemka, yanapata wekundu mwembamba, kisha wekundu unazama ndani ya ukahawia, na ukiyainamia yanang'aa juu na kukolea chini. Jina hilo halikuchagua punje, lilichagua maji. Lilichagua rangi yenye mwanga ndani yake. Ninaposikia mtu akisema Kiswahili ni maskini wa rangi namwomba anipe neno moja la lugha yake linalofanya hivyo.

Na si kila mara tunahitaji jina. Mvua za masika zikiteremsha udongo wa miteremko, Mto Morogoro hubadilika kwa saa chache, na Ngerengere vilevile. Sijawahi kumsikia mkazi wa mjini akisema mto umekuwa wa hudhurungi, wala wa kahawia. Husema mto umechafuka, au maji ni tope, au maji kama chai. Kiangazi kikikolea, milima "imepauka". Nguo iliyochoka "imefubaa". Ndizi "imeiva". Rangi kwetu huenda na vitenzi mara nyingi kuliko vitabu vya sarufi vinavyokiri, kwa sababu msemaji anajali kilichotokea kuliko anavyojali alama kwenye kibao. Hata kijani tunaigawa kwa hali: kijani kibichi, kama tunavyosema ndizi mbichi. Wafugaji wa Kimaasai wa Mvomero nao wana msamiati wa rangi za ng'ombe ambao ungewatoa jasho Berlin na Kay, na wala haukupangwa kwa kibao. Umepangwa kwa ng'ombe.

Je, hudhurungi ifutwe? Sioni sababu. Lakini nisingeifundisha kama kisawe cha kahawia, kama inavyofundishwa sasa, maana mwanafunzi akipewa maneno mawili ya kitu kimoja hutupa lile gumu, na ana haki. Ningeifundisha kwa kitu chake. Kitambaa cha asili hakipo tena, lakini Uluguru ina badala yake. Upande wa mashariki, Kinole na Mkuyuni, wanalima viungo, na ukifika wakati wa kumenya mdalasini utaona kisu kikikwangua gamba la nje, kisha ganda la ndani likivuliwa kwenye tawi kama soksi. Likiwa bichi ni jeupe lenye umanjano, teketeke, linateleza mkononi. Likianikwa linaanza kujikunja kutoka kingo mbili kuelekea katikati, na kadiri linavyojikunja ndivyo linavyobadilika, kwanza rangi ya chai ya maziwa, kisha ile kahawia-manjano iliyokauka ambayo kamusi za zamani zinaieleza. Hakuna aliyelipaka. Hiyo ndiyo hudhurungi, kwa maana yake ya Kiajemi na kwa macho.

Nilirudi kutoka Mgeta na koti langu likiwa limekula vumbi la kutosha. Mpwa wangu akalichukua kulifua uani, kwenye beseni la bati. Baada ya muda akaniita.

"Mjomba, njoo uone koti lako. Linachuja."

Nikaenda. Maji yalikuwa yamegeuka maji ya kunde kabisa, na kila akilikamua yalizidi kukolea. Koti lenyewe, pale kwenye mabega lililokwishapigwa na jua, chini ya ile rangi, lilikuwa limeanza kuonyesha kijivu.